Haki za Mfanyakazi, Tangu Mizani Hadi Dukani
(Maelezo kwa makatibu na wajumbe wa kamati za vyama vya msingi vya wakulima wa pamba)



Pamba ikishapimwa na stakabadhi kukatwa, wengi huiona kuwa imekwisha kutoka mikononi mwa chama. Kumbe safari yake ndiyo kwanza inaanza. Huchambuliwa, hufungwa marobota, hupakiwa melini, na nyingi hufika Asia kusokotwa, kufumwa na kushonwa. Bangladesh ni miongoni mwa nchi zinazoongoza duniani kwa kuuza nguo nje, ilhali karibu pamba yake yote huagizwa kutoka nchi nyingine, zikiwemo za Afrika. Kila mkono unaoigusa pamba hiyo ni wa mtu mwenye haki zake.

Tarehe 23 Aprili, 2013, huko Savar, karibu na Dhaka, nyufa kubwa zilionekana katika jengo la ghorofa nane liitwalo Rana Plaza. Chini palikuwa na benki na maduka; juu yake vilikuwamo viwanda vitano vya kushona nguo. Benki iliwaondoa watumishi wake. Asubuhi iliyofuata washonaji waliitwa kazini, na baadhi yao walitishwa kwamba asiyeingia atapoteza mshahara. Umeme ulikatika, jenereta zikawashwa, na jengo likaporomoka. Watu 1,134 walikufa, na wengine wapatao 2,500 waliumia.

Hapa yafaa kutua kidogo. Nyufa alizoziona mtumishi wa benki ndizo alizoziona mshonaji, wala mshonaji hakuwa mjinga wa hatari. Alichokosa ni nguvu ya kukataa, kwa kuwa katika viwanda vile hapakuwa na chama cha wafanyakazi cha kumsemea. Wakaguzi walikuwa wamekwisha kupita katika baadhi ya viwanda hivyo na kuandika taarifa zao, lakini uimara wa jengo haukuwamo katika mambo waliyotumwa kuyatazama. Hata baada ya maafa, yako makampuni ya ng'ambo yaliyoanza kwa kukana kuwa nguo zao zilishonwa pale. Lebo zilizookotwa kifusini zilisema vingine.

Makampuni hayo yasingeweza kudai kwamba wajibu wao haukujulikana. Mwezi Juni, 2011, Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa lilikuwa limekwisha kuidhinisha misingi isemayo kwamba dola hulinda haki za watu, kampuni huziheshimu, na aliyedhulumiwa hupata njia ya kufidiwa. Tena kampuni hutazama na madhara yanayofungamana na biashara yake kwa wale inaowanunulia. Ufaransa ilitunga sheria ya namna hiyo mwaka 2017, na ya Ujerumani ilianza kutumika mwaka 2023. Ama jambo lililoleta mabadiliko hasa kule Bangladesh ni mkataba wa Mei, 2013, kati ya wanunuzi na vyama vya wafanyakazi. Mkataba ule uliwafunga wanunuzi kisheria, ukampa mfanyakazi haki ya kukataa kuingia katika jengo la hatari, na ukawataka wanunuzi wahakikishe kwamba fedha za kutengeneza majengo zinapatikana.

Sharti hilo la mwisho ndilo linalostahili kukumbukwa na Chama Kikuu wakati wa kujadili bei. Mnunuzi anayetaka pamba isiyochumwa na watoto, kisha akatoa bei isiyomwezesha mkulima kumlipa kibarua mtu mzima, anadai haki kwa mkono mmoja na kuizuia kwa mwingine. Ni halali kuambiwa hivyo mezani.

Hata hivyo, si vema kuwalaumu wa Dhaka na kuyasahau ya ghalani. Chama nacho ni mwajiri. Anao karani wa mizani, mlinzi, makuli wa msimu (ambao mara nyingi hawajui hata majina yao yameandikwa wapi), na penye kiwanda cha kuchambulia wamo wanaovuta vumbi la pamba usiku kucha, vumbi liwezalo kuharibu mapafu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haiwabagui kwa sababu mwajiri wao ni ushirika. Inakataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14. Saa za kawaida za kazi hazizidi 45 kwa wiki, na saa ya ziada hulipwa mara moja na nusu. Msimu wa haraka haufuti hesabu hiyo.

Kuhusu ajali, kila mwajiri hana budi kujiandikisha na kuchangia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Kuli akivunjwa mguu na robota, mchango wa wanachama wenzake wa kumpeleka hospitali ni wema. Fidia ni haki yake.

Kamati zinaombwa kukagua daftari la vibarua kabla ya kufungua ununuzi, na kubandika ukutani, kwa Kiswahili, mahali pa kupeleka malalamiko. Mfanyakazi asiyesikilizwa chamani anaweza kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi: aliyeachishwa kazi ana siku 30 za kufungua shauri, na migogoro mingine siku 60. Tangazo hilo libandikwe karibu na mizani, ambako makuli hupita kila siku.