Wajibu wa Kumlinda Mtoto Michezoni

Msikilizaji, suala hili linamgusa kila mzazi anayemwachia kocha mwanawe jioni. Tutazame Marekani. Januari 2018, zaidi ya wanawake 150 walitoa kauli zao mahakamani dhidi ya Larry Nassar, daktari wa zamani wa timu ya taifa ya jimnastiki. Wengi aliwadhalilisha kingono wakiwa watoto, juu ya kitanda cha matibabu, wengine mzazi akiwa chumbani humo humo. Malalamiko yalikuwapo miaka mingi, wakubwa waliyakalia.

Mwezi uliofuata ikaja sheria. Kwanza, viongozi na makocha wakishuku udhalilishaji, lazima watoe taarifa ndani ya saa 24. Pili, mtu mzima asijifungie na mtoto pasipo mwingine kuwaona.

Sasa, wapo wanaohofia kwamba makocha wa kujitolea watakimbia, na asiye na hatia atachafuliwa jina. Hofu hiyo ina uzito; mtuhumiwa naye lazima asikilizwe. Lakini kwa upande wa pili, mtoto anayemtegemea kocha ili apangwe kikosini hana ubavu wa kumshtaki peke yake.

Swali linabaki: je, chama cha michezo kinachojichunguza chenyewe kitakubali kupoteza medali ili kumwokoa mtoto?