Nyumba ya Urithi Haiuzwi na Mmoja

Ndugu wasikilizaji, leo nazungumza na yule aliyechoka kupanga, na sasa anataka kununua nyumba katika mitaa ya zamani ya Dar es Salaam, kama vile Sinza au Kijitonyama. Hakukosea. Mitaa hiyo ilipimwa miaka ya 1970 katika mradi wa viwanja uliosaidiwa na mkopo wa Benki ya Dunia. Barabara zipo, shule zipo, na mwembe uani umekwisha zaa.

Lakini mara nyingi aliyeijenga nyumba hiyo amekwisha fariki. Anayekuonyesha vyumba ni mtoto mmoja kati ya sita. Dalali naye anakuhimiza utoe arubuni leo leo, eti kuna mteja mwingine. Usitoe!

Kwanza, omba upekuzi ofisi ya ardhi, ujue hati ni ya nani na kama imewekwa rehani. Pili, kama mwenye hati ni marehemu, dai barua ya mahakama ya usimamizi wa mirathi. Asiye nayo hana mamlaka ya kuuza. Tatu, kama yu hai na ana mke, Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka mke aridhie kabla nyumba wanayoishi haijauzwa.

Ufa wa ukutani utauziba kwa saruji. Lakini yule dada wa sita ambaye hakushirikishwa, akija kutoka Tanga na wakili wake, kiinua mgongo chako kitaishia mahakamani.

Kwaherini, hadi wiki ijayo.