Jakom, Ni Nani Aliyekutuma?

(Hotuba kwa viongozi wa vikundi vya kujisaidia vya Migori na Homa Bay)

Nimeambiwa niseme juu ya uongozi unaotoka kwa Mungu. Nitasema, lakini sitahubiri.

Kwa Kijaluo chifu ni ruoth. Na tukiomba, Bwana Mungu tunamwita Ruoth pia. Neno ni hilo hilo moja! Kwa hiyo hapa kwetu ni rahisi sana mtu aliyekalia kiti kusahau kwamba amekikalia kwa niaba ya mwingine.

Mnamkumbuka Gor Mahia wa Kanyamwa, ambaye klabu ya mpira ilichukua jina lake mwaka 1968. Alikuwa ruoth, tena mtu wa dawa, na watu waliamini kwamba nguvu zake zinatoka mahali macho hayafiki. Nani angemwuliza hesabu?

Halafu zikaja sheria za Waingereza, ya 1902 na ile ya 1912 iliyowapa machifu nguvu ya kuamuru watu. Chifu akawa mkono wa D.C., D.C. mkono wa Gavana, Gavana mkono wa Mfalme kule London. Kila mmoja alimjibu aliye juu yake. Mwananchi alilipa kodi ya nyumba, akaenda kulima barabara. Si machifu wote waliokuwa wabaya, jamani, lakini hesabu ilipanda juu tu, haikushuka.

Mwaka 1913 Onyango Dunde wa Alego alisema kwamba nyoka mkubwa wa ziwani, Mumbo, amemmeza na kumtema, na amemtuma atangaze kwamba Wazungu wataondoka. Habari hiyo ikafika huku kwetu Nyanza Kusini na Kisii. Serikali ikakamata viongozi, wengine wakahamishiwa mbali, na mwaka 1954 dini hiyo ikapigwa marufuku. Mimi si mfuasi wa Mumbo. Ila naelewa kwa nini walisikilizwa: watu walikuwa wamechoka na mjumbe wa Mfalme, wakatafuta aliyetumwa na mwingine.

Sasa niseme yangu, maana si vizuri kusema ya marehemu peke yake.

Nilikuwa jakom wa kikundi kimoja, sitakitaja. Tuliweka akiba ya kununua mashine ya posho. Nikapata injini kuukuu kwa bei nzuri, nikainunua bila kuuliza mtu. Ilisaga majuma matatu, ikafa. Wanachama waliponiuliza nilichukua Biblia, nikafungua Warumi 13, nikawaambia mamlaka imewekwa na Mungu, anayebishana nami anabishana na Yeye. Watu wakanyamaza kabisa. Nikafikiri nimeshinda. Ndipo mama mmoja mzee, asiyejua hata kusoma, akasema: "Jakom, Mungu hatukumpa pesa. Tulikupa wewe."

Nilikwenda nyumbani bila kunywa chai.

Usiku nikasoma Samweli wa Kwanza, sura ya 12. Samweli aliitwa na Mungu tangu utoto, si kama mimi niliyechaguliwa kwa kuinua mikono chini ya mwembe. Lakini alipozeeka alisimama mbele ya watu, akawauliza ni ng'ombe wa nani au punda wa nani aliyemchukua, ili amrudishie. Hakusema waulizeni mbinguni. Mimi nilikuwa nimesoma Warumi nikaruka Samweli!

Katiba yetu ya 2010 nayo inaanza kwa kukiri ukuu wa Mungu, kisha kifungu cha 1 kinasema mamlaka yote ni ya wananchi. Kuna wanaoona mambo hayo mawili yanapingana. Mimi sioni hivyo. Kifungu cha 73 kinasema madaraka ya ofisa wa serikali ni amana ya umma, na amana, hata mtoto anajua, mwenyewe huja kuiulizia. Gavana wa kaunti ataulizwa, MCA ataulizwa, na sisi wa vikundi vya watu ishirini je?

Pesa za injini nililipa kwa mavuno mawili ya karanga. Kikundi hakikunirudisha kwenye kiti, na walifanya sawa. Sasa mimi ni mwanachama tu, nalipa mchango wangu kila Jumatatu.

Haya. Kabla ya chakula, tulikubaliana kila kikundi kisome hesabu yake kwa sauti, hata zile kurasa zilizofutwafutwa. Madaftari yako pale mezani. Tuanze na lile lenye mwandiko wangu.