Kikohozi kisichopona: tunadai picha ya kifua

Wandugu wa Uvira, kutoka Kavimvira mpaka Kalundu:

Leo tuache kidogo habari ya barabara na maji. Tuongee kifua.

Huku kwetu mtu akikohoa mwezi muzima, akikonda, akitema damu, majirani wamekwisha toa jibu: ni TB. Mara nyingi ni kweli, na dawa zake ni za bure. Lakini kansa ya mapafu nayo inakuja na dalili zilezile. Dawa za TB ni miezi 6. Kama makohozi yalipimwa, mdudu hakuonekana, na mugonjwa akapewa dawa kwa kukisia tu, kansa haimungoji amalize miezi ile.

Ndiyo maana tunadai picha. Radio ya kifua inaonyesha kivuli, haisemi kivuli ni cha nini. Tena uvimbe mudogo unaweza kujificha nyuma ya moyo. Skaneri inaona zaidi: ukubwa wa uvimbe, na kama umefika kwenye tezi ao kwenye ini. Hapo munganga anajua kama kupasua kunawezekana ao wakati umepita. Jina la ugonjwa lenyewe linatoka maabara, kwa kipande cha nyama kilichotolewa na sindano, na picha ndiyo inaonyesha sindano ipite wapi.

Marekani, matokeo ya mwaka 2011 yalionyesha kwamba kupiga skaneri wavutaji wakubwa wa sigara kila mwaka kunapunguza vifo vya kansa hii kwa asilimia 20. Sawa, lakini wengi walioonekana na doa hawakuwa na kansa. Sisi hatudai skaneri kwa kila mutu. Tunadai kidogo sana: mugonjwa ambaye dawa za TB hazimusaidii apigwe radio bila kuzungushwa, bei ibandikwe ukutani, na akitumwa Bukavu ao Bujumbura apewe barua na picha yake mukononi. Na mama aliyepika miaka yote kwa kuni na makala asiambiwe "wewe huvuti sigara, haiwezi kuwa kansa." Moshi ni moshi.

Nyumbani, picha ya zamani musiitupe. Muandike tarehe, muiweke pakavu, musiikunje. Munganga akiiweka kando ya picha ya leo, ataona kama kivuli kimekua ao kimebaki vilevile.