Diski ya Breki: Tazama Unene, Usitazame Mng'aro

Juma hili nataka tuzungumzie kipande cha chuma ambacho mwenye gari hakioni mpaka tairi lifunguliwe, nacho ni diski ya breki. Nazungumza na mwenye Corolla yake, na dereva wa teksi, na yule anayekwenda kazini asubuhi na kurudi jioni kwa foleni ya Barabara ya Morogoro. Wenzetu wa mashindano ya magari nawaacha. Wao wana mafundi wao na fedha zao.

Ukikanyaga breki, mwendo wa gari hugeuka kuwa joto, na joto hilo hupokelewa na diski. Za mbele ndizo zinazobeba mzigo mkubwa, kwa sababu gari likipunguza mwendo uzito huinamia mbele. Diski nene hupata moto polepole. Diski iliyoliwa ikawa nyembamba hupata moto upesi kama sufuria ya bati, pedi zikapoteza mshiko, na mafuta ya breki yakizidiwa huchemka. Dereva anayeteremka Kitonga akafikwa na jambo hilo hukanyaga pedali ikazama mpaka chini.

Ndiyo maana kila diski ina kikomo chake. Mara nyingi kimeandikwa kwenye chuma chenyewe, ukingoni au katikati, kwa herufi MIN TH na tarakimu mbele yake. Kwa magari mengi madogo, diski ya mbele yenye nafasi ya hewa katikati huanza na unene wa milimita 22 hivi, na ikifika 20 imemaliza kazi. Milimita 2 tu, yaani 1 kila upande!

Sasa tazama desturi yetu. Pedali ikitetemeka, fundi anafungua diski, zinapelekwa kwa mkereza vyuma, zinarudi zinang'aa kama shilingi mpya, na mwenye gari anafurahi kwamba ameokoa fedha. Kukereza si kosa ikiwa chuma kinachobaki kingali juu ya kikomo. Lakini ni wangapi wanaopima? Na hata anayepima huweza kudanganyika, kwa kuwa ukingo wa diski hauguswi na pedi, hivyo hubaki mnene vilevile. Kipimo cha vernia kikikaa juu ya ukingo huo kitakuambia diski ni nzima. Dawa yake ni sarafu mbili: weka moja kila upande, mahali pedi inaposugua, pima zote pamoja, kisha toa unene wa sarafu. Haigharimu kitu.

Hesabu hiyohiyo ichukue uende nayo Kariakoo. Diski ya mtumba iliyotoka kwenye gari lililokatwa Japani huweza kuwa ya kiwandani kweli, lakini “orijino” iliyobakiza nusu milimita ni mbaya kuliko mpya ya kampuni usiyoijua iliyotimia unene. Iliyopakwa rangi ya fedha sehemu ya kusugulia, mimi naiacha palepale.

Kuna na hizi zenye matobo na mifereji, ambazo vijana wanazipenda kwa sababu huonekana vizuri ndani ya rimu. Mifereji hula pedi haraka, na kwenye matobo ndiko nyufa huanzia diski ikipata moto na kupoa mara nyingi. Kwa gari la kwenda ofisini na sokoni hakuna faida utakayoiona. Nunua diski ya kawaida, isiyo na urembo. Kama kifurushi kina alama ya kanuni R90 ya Umoja wa Mataifa, ni nyongeza nzuri, maana kanuni hiyo inahusu majaribio ya vipuri vya breki vya kubadilishia.

Nenda dukani na diski yako ya zamani mkononi. Linganisha upana, kimo, tundu la katikati na idadi ya matundu ya boliti, kwani Corolla mbili za jina moja huweza kutofautiana. Nunua mbili, ya kushoto na ya kulia, na pedi mpya pamoja nazo.

Kwenye gereji simama karibu. Diski mpya huja na mafuta ya kuzuia kutu, yasafishwe kabisa. Habu nayo isuguliwe kwa brashi ya waya mpaka kutu iishe, kwa sababu punje ndogo ya kutu hapo huifanya diski ikae upande, na baada ya kilomita elfu chache pedali itaanza tena kutetemeka na muuza spea atalaumiwa bure. Nati zikazwe kwa mkingamo na kwa nguvu sawa. Kilomita 300 za mwanzo funga breki polepole, usizikanyage kwa ghafla isipokuwa mtu amekatisha mbele yako.