Maji Hayapendi Kushtuliwa

Hotuba iliyotolewa mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa, Miono



Nimetakiwa niseme machache juu ya kazi yangu serikalini katika fani ya maji. Kazi hiyo ni pana, kwa hiyo nimechagua jambo moja ambalo kila mmoja wetu anaweza kulitazama kwa macho yake, nalo ni namna ya kupunguza mwendo wa maji bila kupoteza nguvu yake.

Sisi ni watu wa bonde la Wami, na kusini yetu liko bonde la Ruvu lenye mashamba ya mpunga yanayonyweshwa kwa pampu. Penye pampu ya namna hiyo maji hutoka mdomoni mwa bomba kwa kasi, yakiruka na kutoa povu, na watazamaji husema, "Pampu hii ina nguvu!" Mimi nasema mruko ule ni dizeli inayomwagika. Mpunga hauna haja ya maji yanayoruka. Unataka maji yaliyofika shambani.

Tupige hesabu. Bomba la inchi 6, yaani kipenyo cha sentimita 15, linatoa maji kwa mwendo wa mita 3 kwa sekunde. Zidisha 3 kwa 3, gawanya kwa 19.6, utapata karibu 0.46. Maana yake ni kwamba mwendo ule peke yake ungeweza kuyainua maji sentimita 46. Kama mfereji uko mita 4 juu ya mto, pampu imefanya kazi ya karibu mita 4 na nusu, hata kabla hatujahesabu msuguano wa bomba. Ile karibu nusu mita imeishia kwenye povu, na mkulima ameilipia.

Je, yaweza kurudishwa? Yaweza. Bernoulli alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1738 uhusiano wa mwendo wa maji na kanieneo yake: mwendo ukipungua, kanieneo hupanda. Kifaa cha kufanya kazi hiyo ni difyuza, nami nitakiita kipanuzi. Ni kipande cha bomba kinachopanuka taratibu, mfano wa faneli ndefu.

Neno kubwa hapo ni taratibu. Maji yaliyo karibu na ukuta wa bomba ni dhaifu, kwa sababu msuguano umeyachosha. Kanieneo inapopanda mbele yao, ni kama wachukuzi wanaopanda mlima na mizigo. Mlima ukiwa wa pole, wenzao wa katikati huwavuta. Ukiwa mkali, husimama na kurudi nyuma, maji yakaanza kuzunguka ovyo, na nguvu ikapotea kuwa joto. Ndiyo maana kubandika ghafla bomba pana mbele ya bomba jembamba hakufai. Lakini kipanuzi kirefu mno nacho huleta msuguano mwingi. Wahandisi wamepima na kuona kwamba pembe nzima ya kiasi cha nyuzi 7 inafaa: kwa kila sentimita 8 za urefu, kipenyo kiongezeke sentimita 1.

Basi bomba letu la sentimita 15 likipanuliwa hadi sentimita 21, kipanuzi kitakuwa na urefu wa nusu mita tu. Mdomo wake uzamishwe katika maji ya mfereji, bomba lijae, hewa isiingie. Tutarudishiwa kiasi cha sentimita 25 za kimo. Kwa maji yale yale, ni kama lita 5 au 6 katika kila lita 100 za dizeli. Kwa pampu ya kisima kirefu faida hiyo ni ndogo sana. Kwa pampu ya mtoni, inayoinua maji mita chache, ni fedha ya daftari na sare za watoto.

Jambo hili si geni. Frontinus, aliyekabidhiwa usimamizi wa maji ya mji wa Roma mwaka 97, aliandika kwamba bomba la mteja lazima libaki na upana ule ule kwa futi 50 za mwanzo. Bomba likipanuliwa karibu na chanzo, huvuta maji zaidi ya yaliyoruhusiwa. Na kwetu, katika Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, kila mmoja wa mitambo 9 ya megawati 235 una bomba linalopanuka chini yake, ili maji yasiondoke na nguvu ambayo ingekuwa umeme.

Vijana, msiyakubali haya kwa sababu mimi nimeyasema. Chukueni pipa, saa na bati. Pimeni muda wa kulijaza pipa kwa bomba tupu, kisha kwa bomba lenye kipanuzi ambacho mdomo wake umezama. Andikeni mlichokiona. Nasi wenzangu wa zamani, gharama ya bati haitushindi, tuwanunulie. Fundi wa kuchomelea wa Chalinze akipewa vipimo sahihi ataikunja kwa siku moja.

Wahenga walisema pole pole ndio mwendo. Kumbe walisema na habari za maji.