Leipzig kwa Miguu



Wamisionari wa Kilutheri waliofika Machame mwaka 1893 walitumwa na Misioni ya Leipzig. Jina la mji huo limetajwa katika nyumba nyingi za Kilimanjaro kizazi baada ya kizazi, lakini ni wachache wanaojua jinsi ulivyo. Inafaa basi, katika mwaka wa jubilei, kuutembelea kwa kutwa moja. Makanisa yake ya katikati yamekaribiana. Mwenye viatu vizuri hahitaji gari.

Msafiri huanza asubuhi katika Kanisa la Mtakatifu Thomas. Hapo Martin Luther alihubiri siku ya Pentekoste mwaka 1539, Matengenezo ya Kanisa yalipoingizwa mjini. Hapo pia Johann Sebastian Bach aliongoza kwaya ya wavulana tangu mwaka 1723 hadi alipofariki mwaka 1750. Kaburi lake limo ndani ya kanisa, na watalii huinama kusoma jina. Si wengi waambiwao kwamba Bach hakuzikwa hapo kwanza. Alizikwa penye Kanisa la Mtakatifu Yohane, nje ya kuta za mji. Kanisa hilo liliharibiwa katika Vita Kuu ya Pili, na baadaye mifupa ikahamishiwa kwa Mtakatifu Thomas.

Kutoka hapo ni mwendo wa takriban dakika 10 kuelekea mashariki hadi uwanja uitwao Augustusplatz, na hapo msafiri hana budi kusimama kwa muda mrefu. Lilikuwapo Kanisa la Chuo Kikuu, lililojengwa na watawa Wadominiko na kuwekwa wakfu mwaka 1240. Luther mwenyewe aliliweka wakfu kwa ibada ya Kiinjili mwaka 1545. Vita havikuliangusha. Lililostahimili mabomu likaja kuangushwa wakati wa amani: tarehe 23 Mei 1968 baraza la mji lilipitisha uamuzi, na tarehe 30 Mei, saa 4 asubuhi, likalipuliwa kwa baruti. Kosa lake lilikuwa kusimama katika uwanja ambao serikali ya kikomunisti iliuita kwa jina la Karl Marx. Katika siku hizo 7 waliokoa walichoweza, altare ikiwamo. Sasa pana jengo jipya la Chuo Kikuu, lililozinduliwa mwaka 2017, lenye umbo la kukumbusha kanisa. Ndani yake ni ukumbi na mahali pa ibada, na ukuta wa kioo katikati. Altare imerudi. Wapo watu wa Leipzig ambao hawajakisamehe kioo hicho, na si vigumu kuwaelewa.

Hatua chache tu toka uwanjani ni Kanisa la Mtakatifu Nikolai. Nguzo zake nyeupe zimechanua juu kama makuti ya mtende. Mtu wa pwani angejiona amefika nyumbani. Tangu mwaka 1982 hufanyika humo maombi ya amani kila Jumatatu saa 11 jioni. Tarehe 9 Oktoba 1989 chama tawala kilituma mamia ya wanachama wake wakakalie viti mapema, waombaji wakose nafasi. Wakaketi, wakasikiliza maombi hadi mwisho. Nje, watu takriban 70,000 wakaandamana wakiwa na mishumaa, wakapita uwanja uleule wa kanisa lililolipuliwa, wakaizunguka katikati ya mji. Askari walikuwa tayari na silaha. Hawakufyatua.

Jioni msafiri hufuata njia ya maandamano hayo, hupita kituo cha reli, hufika penye Kanisa la Wareformati. Katika mnara wake Aram Radomski na Siegbert Schefke walijificha usiku ule, wamelala katika kinyesi cha njiwa, wakapiga picha za umati uliopita chini. Kanda ikavushwa kwa siri. Siku ya pili picha zikaonyeshwa katika televisheni ya Ujerumani Magharibi, na wengi wa Mashariki, ambao antena zao zilizoea kuelekezwa huko, wakauona mji wa Leipzig wakiwa nyumbani kwao. Ukuta wa Berlin ulifunguliwa tarehe 9 Novemba, mwezi mmoja baadaye.